Kanisa la Saint-Sulpice la Paris na vinanda vyake vya mabomba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saint-Sulpice ni kanisa gani, na liko wapi?

Ni kanisa la parokia katika wilaya ya 6 ya jiji la Paris, upande wa kushoto wa mto Seine, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bustani ya Luxembourg. Msimamizi wake ni Mtakatifu Sulpisi, askofu wa Bourges aliyeishi karne ya 7. Mgeni akiiona minara yake miwili na nguzo zilizopangwa ghorofa mbili mbele yake, hudhani amefika kanisa kuu la jimbo. La hasha. Kanisa kuu la Jimbo Kuu la Paris ni Notre-Dame. Saint-Sulpice ni parokia: ina paroko, ina mafundisho ya watoto, ndoa zinafungwa, marehemu wanaombewa. Kwa ukubwa tu ndipo linapoikaribia Notre-Dame yenyewe, maana urefu wake unazidi mita 110 na dari lake liko mita 34 hivi juu ya sakafu.

Nasisitiza kwamba ni parokia kwa sababu historia yote ya vinanda vyake imesimama juu ya jambo hilo. Vinanda hivi havikuwekwa makumbusho. Vimetumika misani Jumapili baada ya Jumapili, na kila kizazi cha waamini kimevikuta, kikavitumia, kikavitengeneza, kikawaachia waliofuata.

Mnasema vinanda. Viko vingapi?

Vinavyozungumzwa ni viwili. Cha kwanza ni kinanda kikuu, kilichoko kwenye roshani juu ya mlango mkubwa wa mbele, nyuma ya migongo ya waamini. Cha pili ni kinanda cha kwaya, kidogo zaidi, kilichoko upande wa altare.

Huu ndio utaratibu wa makanisa makubwa ya Ufaransa. Kinanda cha kwaya kinawasindikiza waimbaji na kuongoza nyimbo za waamini. Kinanda kikuu kinazungumza peke yake: wakati wa maandamano ya kuingia, wakati wa matoleo, baada ya komunyo na mwisho wa misa watu wanapotoka. Vikipokezana, mtu aliyekaa katikati ya kanisa anasikia muziki ukimjia mbele, kisha nyuma.

Jengo lilijengwa lini, na kwa nini minara haifanani?

Mahali hapo palikuwa na kanisa la zamani tangu enzi za kati. Kufikia karne ya 17 watu wa mtaa walikuwa wamelijaza hadi halitoshi. Paroko wa wakati huo, Padre Jean-Jacques Olier, alisukuma ujenzi wa kanisa jipya, na mwaka 1646 Malkia Anne wa Austria, mama wa mfalme mdogo Louis XIV, akaweka jiwe la msingi. Wasanifu walipokezana: Christophe Gamard, Louis Le Vau, kisha Daniel Gittard. Mwaka 1678 kazi ikasimama. Parokia ilikuwa imezama kwenye madeni.

Kanisa lilibaki nusu nusu kwa miaka 40 na ushei, mpaka akaja paroko mwingine, Padre Jean-Baptiste Languet de Gergy, aliyefufua ujenzi mwaka 1719. Huyu alikuwa bingwa wa kuchangisha. Aliendesha bahati nasibu kwa ajili ya kanisa. Inasimuliwa pia kwamba alipoalikwa chakula kwenye nyumba za matajiri wa parokia, aliondoka na vijiko na uma za fedha alizolia, na hakuna aliyethubutu kuzidai, maana kila mtu alijua zinakwenda wapi: kuyeyushwa ili ichongwe sanamu ya fedha ya Bikira Maria. Sanamu hiyo ilitengenezwa kweli, na mchongaji alikuwa Edme Bouchardon. Watu wakaipachika jina la Mama Yetu wa Vyombo vya Zamani. Haikuyavuka Mapinduzi ya Ufaransa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi wa parokia atamwelewa Padre Languet bila kuelezwa zaidi.

Sura ya mbele ilibuniwa na Giovanni Niccolò Servandoni katika miaka ya 1730. Minara iliwashinda. Baada ya Servandoni, kazi ilipitia mikono mingine, hatimaye Jean Chalgrin akaujenga upya mnara wa kaskazini kati ya 1777 na 1780. Mnara wa kusini ulikuwa ukingoja zamu yake, Mapinduzi yakaja, fedha ikaisha. Haujamalizika mpaka leo, na ni mfupi kwa mita kadhaa kuliko mwenzake.

Je, kanisa hili lina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Lina uhusiano, na ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Padre Olier, huyo aliyeanzisha ujenzi, ndiye pia aliyeanzisha seminari ya Saint-Sulpice na shirika la mapadre Wasulpisi, ambao kazi yao ni kulea mapadre. Seminari yao ilikuwa jirani kabisa na kanisa.

Mwaka 1827 aliingia humo kijana François Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi kutoka Alsace, aliyebatizwa mkesha wa Noeli wa mwaka uliotangulia. Ugonjwa wa kifafa ulimzuia kupata upadre kwa miaka mingi, lakini alibaki kwa Wasulpisi akiwasaidia waseminari wengine. Baadaye alianzisha shirika la kuwahudumia watu weusi, ambalo mwaka 1848 liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, naye akawa mkuu wake. Libermann alifariki mwaka 1852. Miaka 11 baadaye, mwaka 1863, mapadre wa shirika lake walishuka Zanzibar, na mwaka 1868 wakavuka bahari na kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Kwa hiyo Mkatoliki wa Bagamoyo, Morogoro au Kilimanjaro akisimama mbele ya Saint-Sulpice, yuko mtaa ule ule alioishi mtu ambaye shirika lake liliwaletea mababu zake Injili.

Kabla ya kinanda cha sasa palikuwa na nini?

Vinanda vilikuwapo tangu kanisa la zamani, na wapigaji wake walikuwa watu wa maana. Katika karne ya 17 alikuwapo Guillaume-Gabriel Nivers, aliyekaa hapo karibu nusu karne. Baada yake alikuja Louis-Nicolas Clérambault, aliyehudumu mpaka kifo chake mwaka 1749. Siku hizo kinanda na waimbaji walipokezana mistari: waimbaji wanaimba mstari wa Kyrie kwa Kilatini, kinanda kinajibu mstari unaofuata bila maneno. Muziki wa Nivers ulitungwa kwa kazi hiyo hasa.

Kanisa jipya lilipokamilika ndani, likaagizwa kinanda kinacholingana nalo. Fundi alikuwa François-Henri Clicquot, mkubwa kuliko wote nchini Ufaransa wakati ule. Alikikabidhi mwaka 1781 kikiwa na kibodi 5 za mikono na sauti 64, yaani safu 64 za mabomba. Kabati lake lilichorwa na Chalgrin yule yule wa mnara, na sanamu zilichongwa na Clodion. Ukilitazama kutoka chini utaona sura ya hekalu la Kirumi: nguzo nene za duara, na sanamu zimesimama mbele ya mabomba. Kabati hilo ndilo lililopo hadi leo.

Mapinduzi ya Ufaransa yalikifanya nini kinanda hicho?

Makanisa mengi ya Paris yalinyang'anywa kila kitu, na mabomba ya vinanda yalikuwa na kishawishi chake, kwa kuwa bati na risasi vilihitajika jeshini. Saint-Sulpice ilifungwa kwa ibada za Kikatoliki na ikageuzwa kuwa Hekalu la Ushindi. Mwezi Novemba 1799, siku chache tu kabla ya Napoléon Bonaparte kutwaa madaraka, ndani ya kanisa hilo iliandaliwa karamu kubwa ya kumpongeza.

Kinanda cha Clicquot kilivuka misukosuko hiyo kikiwa kizima. Mpigaji wake, Nicolas Séjan, alikishika tangu 1783 mpaka alipofariki mwaka 1819, yaani alianza chini ya mfalme, akapita katika Mapinduzi na Napoléon, akamaliza chini ya mfalme tena. Mwanawe akachukua nafasi.

Kinanda cha mabomba kinafanyaje kazi? Kinatofautianaje na hivi vya umeme tulivyo navyo parokiani?

Kinanda cha umeme kinatoa sauti kwa spika. Kinanda cha mabomba hakina spika hata moja. Kila noti ina bomba lake, na bomba linapiga kwa sababu upepo halisi unapita ndani yake.

Tuanze na upepo. Zamani watu walikanyaga mivukuto, kama ya mhunzi lakini mikubwa ya kujaza chumba, ili upepo usikatike misa nzima. Siku hizi feni ya umeme ndiyo inayofanya kazi hiyo. Upepo unaingia kwenye masanduku ya mbao, na juu ya masanduku hayo mabomba yamesimama kwa safu. Mpigaji akibonyeza noti, vali chini ya bomba inafunguka, upepo unapanda na bomba linalia. Akiachia, vali inajifunga.

Safu moja ya mabomba yenye rangi moja ya sauti ndiyo tunayoiita hapa "sauti" moja. Safu moja inalia kama filimbi, nyingine kama tarumbeta, nyingine kama zeze, nyingine ina sauti nzito ambayo haifanani na ala yoyote. Mpigaji huvuta vishikio vya mbao kuchagua safu zipi zipokee upepo. Anaweza kutumia moja peke yake au kuzichanganya nyingi kwa pamoja, na hapo ndipo ustadi wa kweli unapoonekana, kwa sababu mchanganyiko unaopendeza katika kanisa tupu unaweza kumezwa kabisa kanisa likijaa watu.

Bomba refu zaidi la Saint-Sulpice lina urefu wa mita 10 hivi. Mtetemo wake ni wa takriban mara 16 kwa sekunde, chini kiasi kwamba unausikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Dogo kabisa ni fupi kuliko kalamu ya risasi. Kati ya hayo mawili kuna mabomba karibu 7,000, yamepangwa ndani ya kabati kwa ngazi saba kwenda juu, na fundi wa kuyalinganisha sauti hupanda ngazi za mbao katikati yake.

Aristide Cavaillé-Coll alikuwa nani, na alifanya nini hapa?

Alizaliwa Montpellier mwaka 1811 katika ukoo wa mafundi wa vinanda. Alipata jina akiwa bado kijana kwa kinanda cha Saint-Denis, kando ya Paris, alichokimaliza mwaka 1841. Baadaye alijenga vinanda vya makanisa ya Madeleine, Sainte-Clotilde, Notre-Dame na Utatu Mtakatifu. Ukisikia watu wanazungumzia muziki wa vinanda wa Kifaransa wa karne ya 19, elewa kwamba bila mafundi wa karakana yake muziki huo usingeandikwa.

Saint-Sulpice ilimpa kazi mwaka 1857. Kinanda cha Clicquot kilikuwa kimeshatengenezwa upya na mafundi wengine katika miaka ya 1830 na 1840, na matokeo hayakuridhisha. Cavaillé-Coll angeweza kuking'oa chote na kujenga kipya. Wateja wengi wa siku hizo wangefurahi. Yeye alipima mabomba ya Clicquot moja moja, akaona ni kazi ya bwana mkubwa, akabakiza sehemu kubwa: karibu asilimia 40 ya mabomba yaliyomo leo yanatokana na kinanda cha zamani. Kwangu mimi hili ndilo tendo lake kubwa kuliko yote katika kanisa hili. Fundi aliye kwenye kilele cha sifa zake alikubali kazi ya marehemu iendelee kusikika ndani ya kazi yake.

Juu ya msingi huo akaongeza mambo mapya. Kinanda kilifikisha sauti 100 kamili, kibodi 5 za mikono na moja ya miguu. Wakati huo vilivyofikia kiasi hicho barani Ulaya vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole, kikiwemo cha Ulm nchini Ujerumani na cha Liverpool nchini Uingereza.

Shida ya kinanda kikubwa ni uzito. Kila noti ikifungua vali nyingi kwa mpigo, kidole hakina nguvu za kuzivuta. Cavaillé-Coll alitumia ubunifu wa Mwingereza Charles Spackman Barker: kila noti ina mvukuto wake mdogo, na kidole kinafungua upepo wa mvukuto huo tu, mvukuto ukijaa, wenyewe ndio unaovuta vali zote. Kwa hiyo mpigaji anaamuru mabomba maelfu kwa nguvu ndogo ya vidole.

Kiti cha mpigaji nacho anastahili kukifahamu kila anayependa ala hii. Kibodi 5 zimepandana kama ngazi, na vishikio vya sauti vimezizunguka kwa nusu duara, safu juu ya safu, ili mkono ufike kila mahali bila mwili kuhama. Chini kuna vikanyagio vya chuma vya kuunganisha kibodi na kuita makundi ya sauti. Mpigaji anakipa kinanda mgongo na kulitazama kanisa.

Kinanda kilizinduliwa tarehe 29 Aprili 1862. Miongoni mwa waliokipiga katika sherehe za uzinduzi ni César Franck, Camille Saint-Saëns na Alexandre Guilmant.

Widor alikuwa nani, na ni kweli alikuwa wa muda kwa miaka 64?

Ni kweli. Mpigaji Louis Lefébure-Wély alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1869. Cavaillé-Coll akampigia debe kijana wa miaka 25 kutoka Lyon, Charles-Marie Widor. Wapo waliomwona mdogo mno kwa nafasi kubwa hivyo, basi mwezi Januari 1870 akapewa kazi kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya kumthibitisha. Alikaa hadi mwisho wa mwaka 1933.

Widor ndiye aliyeandika muziki unaotumia kila uwezo wa kinanda hiki. Alitunga simfonia kumi za kinanda peke yake, bila okestra, kwa sababu alikuwa na okestra chini ya vidole vyake. Kipande cha mwisho cha simfonia ya tano, ile tokata, kinapigwa kwenye harusi duniani kote. Ukiwahi kusikia noti za haraka za mkono wa kulia zikizunguka bila kupumua, kisha miguu ikaingia na sauti nzito ya chini, umeshasikia Saint-Sulpice hata kama hujafika Paris. Ushauri wangu kwa wapigaji wetu: msiikimbize. Widor mwenyewe alirekodi kipande hicho hapo hapo uzeeni, na mwendo wake ni wa utulivu. Kanisa lenye mwangwi mrefu namna ile linageuza mbio kuwa kelele.

Widor amezikwa kwenye kaburi la chini ya kanisa, alipofariki mwaka 1937.

Albert Schweitzer anaingiaje hapa?

Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné nchini Gabon, alikuwa Mprotestanti kutoka Alsace, na alikuwa mwanafunzi wa Widor kuanzia mwaka 1893. Mwalimu na mwanafunzi walifundishana. Schweitzer alimweleza Widor jinsi nyimbo za Kilutheri za Bach, mtunzi Mjerumani, zinavyofuata maneno ya tenzi, jambo ambalo Mkatoliki wa Ufaransa hakulijua, na Widor akamhimiza aliandikie kitabu. Baadaye walihariri pamoja kazi za kinanda za Bach.

Schweitzer alipokwenda Gabon mwaka 1913, Chama cha Bach cha Paris kilimzawadia piano yenye kibodi ya miguu, iliyojengwa mahususi kustahimili hali ya hewa ya nchi za joto. Alifanya mazoezi usiku, baada ya kazi za hospitali. Aliporudi Ulaya alipiga vinanda kwenye makanisa mbalimbali, na mapato yakaenda hospitalini.

Kinanda cha kwaya nacho kina historia gani?

Kilijengwa na Cavaillé-Coll pia, mwaka 1858, kabla kile kikuu hakijakamilika, ili ibada ziendelee. Kina kibodi mbili za mikono.

Aliyekipa umaarufu ni Gabriel Fauré, aliyekuwa hapo kuanzia mwaka 1871 hadi mwanzoni mwa 1874. Yeye mbele kwa kinanda kidogo, Widor nyuma kwa kikubwa, wote wawili vijana. Walikuwa wanatupiana tungo za papo kwa papo, mmoja anaanzisha wazo, mwingine analidaka na kulipindua. Waamini waliokaa katikati walikuwa wanasikia malumbano ya watunzi wawili wakubwa wa Ufaransa wakidhani ni misa ya Jumapili tu.

Baada ya Widor walifuata nani?

Marcel Dupré, aliyekuwa msaidizi wake tangu 1906, alishika nafasi mwaka 1934. Alikuwa bwana wa kutunga papo hapo: mpe wimbo mmoja wa Kigregori, atakujengea fuga nzima, yaani muziki ambamo sauti kadhaa zinafuatana zikirudia wazo moja, mbele yako. Sikukuu ya Pentekoste, tarehe 30 Mei 1971, alipiga misa asubuhi kama kawaida yake, akarudi nyumbani Meudon, akafariki siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 85.

Jean-Jacques Grunenwald alifuata mwaka 1973 hadi 1982. Mwaka 1985 akateuliwa Daniel Roth, pamoja na Sophie-Véronique Cauchefer-Choplin. Roth alistaafu mwaka 2023, na Karol Mossakowski kutoka Poland akawa mpiga kinanda mkuu akishirikiana na Cauchefer-Choplin.

Hesabu mwenyewe: tangu 1870 hadi 1971, miaka 101, kinanda kilikuwa na wakuu wawili tu.

Kwa nini kinanda hiki hakikubadilishwa kama vingine?

Sababu kubwa ni hao wawili. Katika karne ya 20 ladha iligeuka. Vinanda vingi vya Cavaillé-Coll vilifunguliwa, mabomba yakakatwa au kubadilishwa, mitambo ya Barker ikang'olewa na kuwekwa ya umeme. Hata cha Notre-Dame kilifanyiwa mabadiliko makubwa. Widor na Dupré walikipenda walichokikuta na hawakuruhusu kiguswe ovyo. Kilichoongezwa ni sauti mbili za kibodi ya miguu katika miaka ya 1930, ndiyo maana leo zinahesabiwa 102.

Fundi Jean Renaud alikifanyia ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1991, na lengo lilikuwa kukirudishia uzima wake, si kukiboresha kwa vitu vipya. Msikilizaji wa leo anasikia, kwa karibu sana, kile alichosikia mwamini wa 1862. Na ndani yake kuna sauti za Clicquot alizosikia mwamini wa 1781.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuviondoa vinanda vya mabomba?

Hapana. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia, ya Desemba 1963, kifungu cha 120, inasema kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, na papo hapo inaruhusu ala nyingine zinazofaa kwa matumizi matakatifu. Ruhusa hiyo ndiyo iliyozifungulia mlango ngoma, kayamba na marimba zetu. Ngoma ya Songea na kinanda cha Paris vinaishi chini ya kifungu kimoja.

Ule mstari wa shaba sakafuni ni alama ya siri?

Hapana. Swali hili lilizidi baada ya riwaya moja ya mwaka 2003 kuuza nakala nyingi mno, hadi parokia ikabandika tangazo la kukanusha. Mstari huo ni kifaa cha kupima jua. Padre Languet alitaka kujua kwa uhakika siku ya mwezi Machi ambapo usiku na mchana hulingana, kwa sababu tarehe ya Pasaka inategemea hiyo. Mwanaastronomia Pierre-Charles Le Monnier aliukamilisha mwaka 1743. Mwanga wa jua la adhuhuri unapenya tundu dogo kwenye dirisha la kusini na kuangukia mstari. Majira ya baridi, jua likiwa chini, doa la mwanga linafika mbali kaskazini na kupanda kwenye mnara wa marumaru uliosimama ukutani, wenye kimo cha karibu mita 11. Herufi P na S kwenye vioo ni za Petro na Sulpisi.

Kuna kitu kingine cha kutazama ndani?

Ukiingia, kikanisa cha kwanza kulia ni cha Malaika Watakatifu, chenye picha za ukutani za Eugène Delacroix zilizokamilika mwaka 1861. Ya Yakobo akipigana mweleka na malaika peke yake inatosha kukufanya uchelewe. Vyombo vya maji ya baraka karibu na mlango ni nusu mbili za kombe kubwa la baharini, zawadi ya Jamhuri ya Venezia kwa Mfalme François I. Victor Hugo alifunga ndoa hapa mwaka 1822, na mshairi Charles Baudelaire alibatizwa hapa mwaka 1821.

Nani anamiliki kanisa na vinanda?

Jiji la Paris. Tangu sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyokuwepo wakati huo ni mali ya halmashauri za miji, na parokia zinayatumia kwa ibada bila kulipa kodi ya pango. Matengenezo makubwa ni jukumu la mwenye mali, kwa hiyo ukarabati wa mnara wa kaskazini uliokamilika mwaka 2011 ulikuwa wa fedha za umma.

Moto wa 2019 uliathiri vinanda?

Tarehe 17 Machi 2019 mlango wa upande wa kusini uliwaka moto, ukaharibu mlango na vioo vya juu yake. Vinanda vilisalimika. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Aprili, Notre-Dame ikaungua, na Saint-Sulpice ikapokea baadhi ya ibada kubwa za jimbo: Misa ya kubariki mafuta ilifanyika hapo siku mbili baadaye, na mwezi Septemba mwaka ule ule mazishi ya rais mstaafu Jacques Chirac. Notre-Dame ilifunguliwa tena Desemba 2024.

Naweza kukisikia kinanda kikuu bila kununua tiketi?

Ndiyo. Nenda misa kuu ya Jumapili asubuhi. Kituo cha metro ni Saint-Sulpice, njia ya 4. Kuingia ni bure. Usiondoke baraka ya mwisho ikitolewa, kwa kuwa mpigaji huendelea kupiga baada ya misa, na Waparisi wengi huja kwa ajili ya dakika hizo. Usikae chini ya roshani, mbao zake zinakuzuia sauti za juu. Sogea mpaka katikati ya kanisa, na misa ikiisha geuza kiti utazame nyuma. Hakuna atakayekushangaa, maana wenyeji wenyewe wanafanya hivyo.